Miezi Isiyo na Theluji

Mwaka wa mwanaskii wa Norway huanza tarehe 1 Mei. Theluji ya mwisho inayeyuka kwenye misitu ya Oslo na Trondheim, mashindano yamekwisha majuma kadhaa yaliyopita, na daftari jipya la mazoezi linafunguliwa. Tangu siku hiyo hadi Novemba kila saa ya kukimbia, kuendesha baiskeli, kupiga makasia na kunyanyua vyuma huandikwa humo. Mbio za skii za masafa marefu ni mchezo wa kuvuka kilomita 10, 20 au 50 za theluji kwa nguvu za miguu na mikono tu, na msimu wake wa mashindano ni mfupi: mwisho wa Novemba hadi Machi. Mtazamaji huiona miezi hiyo michache na kudhani ameona mchezo wenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kabla, mahali ambapo hapakuwa na theluji hata kiganja kimoja.

Ushahidi mzuri kuliko wote umo katika madaftari ya Marit Bjørgen. Mwanamke huyu, aliyezaliwa mwaka 1980 na kukulia Rognes, kusini mwa Trondheim, alitwaa medali 15 za Olimpiki ya majira ya baridi kati ya mwaka 2002 na 2018, nane kati yake zikiwa za dhahabu. Alipostaafu, hapakuwa na mwanamichezo mwingine wa michezo hiyo aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Alikuwa na desturi ya kuandika kila zoezi, na mwaka 2017 watafiti Guro Strøm Solli, Espen Tønnessen na Øyvind Sandbakk walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu zake za miaka 17. Alipokuwa kijana wa miaka 20 hivi alifanya mazoezi kwa saa 522 kwa mwaka. Katika miaka yake mitano yenye mafanikio makubwa zaidi, wastani ulipanda hadi saa 940 hivi.

Saa 940 zikigawanywa kwa majuma 52 zinatoa saa 18 kwa juma, lakini hazigawanyiki hivyo. Wakati wa mashindano mwanaskii husafiri, hupumzika kabla ya mbio, hupumzika tena baada ya mbio, na saa zake hupungua. Mzigo mkubwa hauna pa kuwekwa ila kuanzia Mei hadi Oktoba. Katika miezi mizito ya kiangazi bingwa wa kiwango hicho hupitisha saa 80 kwa mwezi bila shida, mara nyingi kwa vipindi viwili kwa siku, asubuhi na alasiri, na usingizi wa mchana katikati.

Jambo la kushangaza zaidi katika madaftari hayo ni mwendo. Katika mazoezi yote ya ustahimilivu ya Bjørgen kwa miaka ile mitano, asilimia 92 hivi ya muda ilikuwa ya mwendo mwepesi. Asilimia tatu ilikuwa ya mwendo wa kati, na tano tu ndiyo iliyokuwa kali kweli. Wengi hutazamia kwamba bingwa wa dunia hujitesa kila siku mpaka atapike. Hali haiko hivyo, na mwili wenyewe unaeleza sababu. Mwendo mwepesi unaodumu saa mbili, tatu au nne huujenga moyo upate kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, huongeza mishipa midogo inayofikisha damu kwenye misuli, na huzidisha ndani ya seli vile vinu vinavyogeuza mafuta na sukari kuwa nguvu. Mabadiliko hayo huja taratibu na huhitaji muda mrefu. Mwendo mkali nao una faida zake, ila hudai malipo: anayejichosha leo hataweza kufanya kazi kesho, na saa 940 hazifikiwi na mtu anayepoteza siku mbili kati ya kila tatu akiuguza miguu.

Kwa hiyo wanaskii hulindwa dhidi ya hamu yao wenyewe ya kukimbia kasi. Olympiatoppen, kituo cha taifa cha michezo ya kiwango cha juu kilichoko Oslo, hugawa ukali wa mazoezi katika ngazi. Ngazi ya chini kabisa huishia kwenye asilimia 72 hivi ya mapigo ya juu kabisa ya moyo wa mhusika. Kifaa cha mkononi huonyesha mapigo, na katika mazoezi ya kati na makali kocha huchoma ncha ya kidole au ndewe ya sikio na kupima tone la damu, aone kama asidi ya misuli imepita kiwango kilichopangwa. Ikiwa imepita, mwanamichezo huambiwa apunguze. Lakini kipimo ambacho hakuna anayekisahau nyumbani ni mazungumzo: anayeweza kusimulia kisa kizima huku akipanda kilima yuko katika mwendo sahihi, na anayejibu kwa neno moja moja amepitiliza.

Hapo ndipo marafiki wanapoingia, tena wakiwa sehemu ya kazi yenyewe. Zoezi la saa nne la mwendo mwepesi halihitaji ujasiri wowote. Linahitaji uvumilivu wa kutochoshwa na upweke. Watu wanne wanaoongea hulimaliza bila kuhesabu dakika. Kikosi cha taifa hukutana kambini kwa siku kadhaa kila baada ya majuma machache, na katikati ya kambi kila mmoja hurudi kwao, kwenye klabu au timu yake, ambako bingwa wa Olimpiki hukimbia msituni pamoja na kijana wa shule ya sekondari. Kijana husikia jinsi bingwa anavyopanga juma lake, huona anakula nini, huona pia kwamba kwenye miinuko ya mwanzo bingwa anatembea. Mafunzo hayo hayana ada wala darasa. Johannes Høsflot Klæbo, aliyeshinda mbio zote sita za wanaume katika mashindano ya dunia ya mwaka 2025 yaliyofanyika Trondheim, mji aliokulia, alifundishwa tangu utotoni na babu yake mzaa mama, Kåre Høsflot. Ni vigumu kupata mfano bora wa mchezo unaopitishwa kutoka mkono hadi mkono.

Klabu zenyewe huendeshwa kwa kazi ya kujitolea, msaragambo hasa kwa maana yake ya kijijini. Wazazi na majirani hukutana jioni za kiangazi kufyeka njia za msituni, kukarabati madaraja ya mbao na kubadilisha taa zitakazomulika njia hizo wakati wa giza la Desemba. Baadaye huketi kula chapati nene za maziwa zilizopikwa kwenye chuma chenye mashimo ya umbo la moyo, zikipakwa jamu na kuwekewa vipande vya jibini ya rangi ya kahawia yenye utamu wa karameli. Mwanaskii mkubwa aliyekulia katika klabu ya namna hiyo mara nyingi amewahi kushika panga la kufyekea njia anayofanyia mazoezi.

Theluji haipo, lakini miguu na mikono haipaswi kusahau. Ndiyo kazi ya skii za magurudumu: ubao mfupi wa alumini, mbao au nyuzi za kaboni, wenye gurudumu mbele na nyuma, unaofungwa kwenye kiatu kilekile cha majira ya baridi. Skii za mtindo wa jadi huwa na gurudumu lisilozunguka kinyumenyume, ili mtu aweze kujisukuma mbele kilimani kama anavyofanya theluji inaposhika. Skii za mtindo huru, ule wa kusukuma pembeni kama mchezaji wa barafu uliotapakaa miaka ya 1980, huzunguka bila kizuizi. Kwa kawaida zote hazina breki. Fimbo huwekewa ncha ngumu za chuma zinazonolewa mara kwa mara, la sivyo huteleza kwenye lami na kuvunja mdundo wa mikono. Kofia ngumu na nguo za rangi kali huvaliwa kwa sababu barabara ni ya magari pia, na anayeanguka kwenye mteremko huacha ngozi yake pale.

Umuhimu wa miaka mingi ya mafunzo ya namna hiyo ulionekana wazi kwa Waafrika Mashariki tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Kenya na mtu wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyepata medali ya shaba jijini Munich mwaka 1972, alishiriki mbio za kilomita 10 za mtindo wa jadi. Alikuwa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alikuwa ameanza kujifunza skii nchini Finland mwaka 1996 tu, kwa ufadhili wa kampuni ya Nike. Moyo na mapafu alikuwa nayo. Mkimbiaji wa kiwango chake ana injini ambayo wengi wa wapinzani wake wangeitamani. Alichokosa ni ile mizani ya kuteleza kwa mguu mmoja, na mabega yaliyozoea kusukuma fimbo maelfu ya mara kila siku, mambo ambayo mtoto wa Norway huyapata kiangazi baada ya kiangazi. Bjørn Dæhlie, Mnorway aliyeshinda mbio hizo, alitumia dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25, akawa wa mwisho. Dæhlie alikataa kuondoka. Alimngoja kwenye mstari wa mwisho huku waandaaji wakitaka sherehe ya medali ianze, akamkumbatia alipofika. Wakawa marafiki, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Aliendelea kushiriki Olimpiki za mwaka 2002 na 2006. Kukutana kwa wawili hao kulionyesha heshima ya kweli: mshindi alijua vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani pale mzigo wa kilomita 10 kwa mtu aliyeanza ukubwani.

Skii za magurudumu zina upungufu mmoja. Zinamzoesha mtu lami, na lami ni laini na tulivu kuliko kilima cha msituni. Kwa hiyo mara moja au mbili kwa juma wanaskii huchukua fimbo bila skii na kupanda milima kwa miguu. Kwanza hutembea kwa hatua ndefu, kisha huruka kutoka mguu hadi mguu, fimbo zikisukuma kwa zamu, mwili umeinama mbele. Ni zoezi zito. Linatumia misuli ileile ya kupanda kilima kwenye theluji, na kwa kuwa mikono na miguu inafanya kazi pamoja, moyo hulazimika kulisha mwili mzima kwa wakati mmoja. Vipindi vinne vya dakika nne nne, au vitano vya dakika kumi kwa mwendo wa chini kidogo, vinatosha kwa siku. Ndizo zile asilimia chache za mwendo mkali, na hufanywa kwa uangalifu mkubwa. Mtindo ambao Klæbo aliusambaza duniani, wa kupanda kilima kikali kwa hatua fupi za haraka kama anayekimbia, hauwezekani bila miguu iliyozoea kukimbia milimani.

Kukimbia kwenyewe huchukua sehemu kubwa ya kiangazi, na baadhi yao hukimbia vizuri mno. Mwaka 2019 Therese Johaug, bingwa wa skii wa dunia kwa mara nyingi, alijiandikisha katika ubingwa wa taifa wa riadha wa Norway, mita 10,000, akashinda kwa dakika 32 na sekunde 20. Wanariadha wa uwanjani walishangaa. Lakini mtu ambaye miaka yote amepanda vilima akiwa na fimbo mikononi amejenga moyo uleule unaohitajika kwenye uwanja wa mizunguko ya mita 400.

Nchi yenyewe huwarahisishia mambo. Sheria ya mwaka 1957 ya maisha ya nje huwapa watu wote haki ya kupita kwa miguu katika msitu, mlima na ufuo usiolimwa, hata kama ardhi ni ya mtu binafsi. Mtu anaweza kupiga hema umbali wa mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa na kulala hadi usiku wa pili bila kuomba ruhusa, na anaweza kuchuma beri anazokula njiani. Chama cha utalii wa milimani, DNT, kilichoanzishwa mwaka 1868, kina vibanda zaidi ya 500 na huchora herufi T nyekundu kwenye mawe ili msafiri asipotee. Mwanaskii anayetaka kukimbia saa tano kutoka bonde hadi bonde hahitaji kukodi chochote wala kumuuliza mtu. Hufuata herufi hizo.

Mwanga nao ni mali. Oslo, katikati ya Juni, jua huzama karibu saa tano usiku. Trondheim usiku hauwi giza kabisa, na Tromsø, kaskazini ya mzingo wa Aktiki, jua halizami tangu karibu tarehe 20 Mei hadi baada ya tarehe 20 Julai. Zoezi la pili la siku linaweza kuanza saa mbili usiku na kuishia ziwani, watu wakijitupa kwenye maji ambayo hata Julai hayana joto la kusifiwa. Jioni ya tarehe 23 Juni huwashwa mioto mikubwa ufukweni kote nchini, na wanaskii huwapo kama watu wengine. Siku za mapumziko huvua samaki, hupiga makasia kwenye kayaki, hukaa kwenye kibanda cha familia kisicho na umeme. Kufikia mwisho wa Julai beri za buluu zimeiva msituni, na kwenye vinamasi kuna zile za rangi ya chungwa ambazo familia huficha mahali pake hata kwa jirani. Begi la mgongoni huwa na mikate iliyopakwa siagi na jibini, chupa ya kahawa, na mara nyingi chokoleti ya Kvikk Lunsj, ambayo tangu mwaka 1937 imekuwa chakula cha safari za milimani. Kwa hesabu ya kocha, kutembea huko siku nzima na begi mgongoni ni mazoezi. Huandikwa daftarini na kujumlishwa kwenye saa 940.

Mpangilio huo ndio unaofanya mchezo huu uwezekane kwa miaka 15 au 20. Mtu anayelazimisha kila saa kwa nguvu za nia peke yake huishiwa mapema. Anayetumia nusu ya saa hizo mahali ambapo angependa kuwa hata kama asingekuwa mshindani hudumu. Bjørgen alishinda mbio za kilomita 30 za Pyeongchang, mbio zake za mwisho za Olimpiki, akiwa na miaka 37.

Mnamo Agosti kazi hubadilika. Mwili sasa una msingi, na baadhi ya kambi huhamia kwenye milima ya Italia. Livigno iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupita hapo, barabara ya Stelvio hufika mita 2,757, na juu yake kuna barafu ya kudumu ambapo watu wanaweza kuteleza hata katikati ya kiangazi. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo kwa kila pumzi. Figo hujibu kwa kutoa homoni ya erithropoetini kwa wingi, uboho huongeza chembe nyekundu za damu, na baada ya majuma mawili au matatu damu hubeba oksijeni zaidi. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kufanya mazoezi makali huko juu kama awezavyo chini. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba wakimbiaji waliolala mita 2,500 na kufanya mazoezi makali mita 1,250 walifaidika kuliko waliobaki mahali pamoja, na tangu hapo timu nyingi hupanga kambi zao kwa namna hiyo. Nyumbani Norway kuna barafu ya milimani pia, na barabara ya Sognefjellet, inayofika mita 1,434, huondolewa theluji mwezi Mei na kuwafikisha wanaskii kwenye njia za theluji hadi mwanzo wa kiangazi. Barafu hizo zinazidi kusinyaa, na siku za kuteleza Julai si za kutegemewa kama zamani. Ndiyo sababu moja ya kujengwa kwa vituo vya ndani: handaki la Vuokatti, Finland, lilifunguliwa mwaka 1997, la Torsby, Sweden, mwaka 2006, na ukumbi wa Lørenskog karibu na Oslo mwaka 2020. Humo huwa na baridi kali na theluji ya kutengenezwa hata kiangazi. Wengi huvitumia kurekebisha mtindo, lakini hakuna anayependa kukaa humo siku nzima wakati nje kuna jua.

Kiangazi kina mashindano yake pia. Tamasha la Blink, linalofanyika tangu mwaka 2006 huko Rogaland, kusini-magharibi, hukusanya wanaskii wa nchi nyingi pamoja na wale wa mchezo wa skii na bunduki. Mbio inayokumbukwa zaidi huanzia Lysebotn, mwisho wa ghuba nyembamba iliyozungukwa na magenge, na kupanda kilomita 7.5 kwa skii za magurudumu hadi mita 640 juu, kupitia kona kali 27 na handaki. Siku nyingine mbio fupi hufanyika mitaani katika mji wa Sandnes, watu wakijipanga kando ya lami. Matokeo hayaingii kwenye kombe lolote kubwa, lakini yanawaonyesha wanaskii na makocha walipofika, miezi mitatu kabla ya msimu. Jioni washindani hukaa meza moja.

Septemba mazoezi hupungua kwa saa na kuongezeka kwa ukali. Oktoba, usiku ukirefuka, timu hutafuta theluji ya kwanza, au theluji ya mwaka uliopita iliyohifadhiwa majira yote ya joto chini ya tabaka nene la vumbi la mbao, kama inavyofanyika Östersund, Sweden. Katikati ya Novemba wanaskii wa Norway hukutana Beitostølen kwa mbio za kufungua msimu wa taifa, na mwisho wa mwezi huo Kombe la Dunia huanza Ruka, kaskazini mwa Finland. Wale waliofuzu husafiri; waliobaki huendelea na njia za klabu, ambazo sasa zina taa.